Maji ya Chumvi kwa Yaya

Asubuhi mshipa ulipopasuka kichwani mwa dada yangu, nilikoroga vijiko vitatu vya chumvi katika kikombe cha maji ya moto, nikamnywesha, kisha nikajisifu. Usinicheke bado. Nilimpa na kahawa pia, nzito, ya kunata kwenye kijiko, ili chumvi isifanye kazi peke yake.

Naomba nieleze jinsi mtu aliyemaliza miaka sita ya sekondari, tena mwenye diploma iliyotiwa kioo na kutundikwa sebuleni, anavyofikia ujinga wa namna hiyo. Miaka ile ya tisini, hapa Likasi, kila aliyeanguka alianguka kwa njaa. Kampuni ya shaba iliyomlea baba yetu, ikampa nyumba katika kambi ya Panda, ikatusomesha sisi wanawe na kutugawia unga kila mwezi, ilikuwa imebaki na king'ora tu. Kililia asubuhi kama zamani, kikiwaita watu kwenye kazi isiyokuwepo. Kambi ilikula mara moja kwa siku, bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, na kuna nyumba ambazo wakubwa walikula siku moja na watoto siku nyingine, ila watoto ndio walioanza. Mtu akisimama kwenye foleni ya bomba akaona giza, akaketi chini ghafla, jibu lilikuwa moja: "Tansio imeshuka." Tansio ndilo jina letu la shinikizo la damu, na kwa kadiri tulivyolifahamu lilijua njia moja tu, ya kushuka. Dawa yake ilikuwa maji ya chumvi. Mtu anakunywa, anakaa kivulini, anarudi kuchukua nafasi yake kwenye foleni. Niliwaona wengi wakiinuka hivyo. Wengine niliwanywesha mimi mwenyewe, maana nilikuwa na chumvi, nilikuwa na kijiko, na zaidi ya yote nilikuwa nyumbani.

Kuwa nyumbani ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Nilikuwa karani wa bohari mpaka bohari ilipobaki bila kitu cha kuandikwa. Wenzangu walichukua baiskeli wakaenda kuchuuza makala, yaani mkaa, wengine wakachukua sururu wakaenda kuchimba mawe. Mimi nilikaa. Nilikuwa na vitabu saba. Nilivipanga, nikavipanga upya. Nilijua ni bati gani la paa linalolia kwanza jua likipanda. Watu wa mstari wetu waliniita zamu, yaani mlinzi wa usiku, ila wakasema huyu analinda hata mchana, na bila mshahara.

Katika nyumba niliyoilinda nilikaa na yaya. Ndivyo tunavyowaita ndugu zetu wakubwa huku, wa kike na wa kiume. Yaya alinizidi miaka kumi na miwili. Alikuwa ameolewa, akafiwa na mume, akarudi katika nyumba ya baba na beseni lake, na kila asubuhi alikaanga maandazi uani na kwenda kuyauza barabarani. Aliongea. Sijui niseme vipi ili mtu aelewe. Aliongea na maandazi, na moto wa mbabula, lile jiko letu la mkaa, na picha ya marehemu mume wake. Mimi sikuwa na haja ya kutoka kwa sababu jioni mji wote uliingia ndani pamoja naye: nani amegombana na nani kwenye mashine ya kusaga, padri gani amekohoa katikati ya mahubiri. Kisha alitua beseni na kuniuliza swali lake la kila siku.

"Leo ulifika mpaka wapi?"

"Mpaka ku mulango."

"Eh! Utapotea, weye."

Alicheka peke yake, na mimi nilijifanya nimekasirika. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yetu, na sikudhani kwamba yalikuwa mengi.

Nyumba tatu za mstari wetu zilikuwa zimepigiliwa misumari milangoni. Wenyewe walikuwa wamepanda treni na magodoro yao, wakati ule watu walipoanza kuulizana babu zao walitoka wapi na kuwafukuza waliotoka mbali. Upande wa kulia wa nyumba yetu hapakuwa na mtu mpaka mwisho wa barabara. Upande wa kushoto alibaki mama mmoja, mke wa mfanyakazi wa zamani wa tanuru. Yeye aliabudu katika kanisa lile la maombi ya sauti kubwa, sisi tulikuwa Wakatoliki wa sauti ndogo. Kati yetu kulikuwa na ua wa miti mikavu, na ndani ya ua tundu ambalo alisema ni la kuku. Hakuwa na kuku.

Ilikuwa mwezi wa kumi, lile joto linalotangulia mvua. Yaya alikuwa ameinama anapuliza mbabula. Akasema, "Kichwa!" Alisema mara moja, kama mtu anayemwita mtu. Akakishika kwa mkono wa kushoto, mwiko ukamtoka mkono wa kulia, akaketi chini kando ya beseni la unga.

Nilitoka. Ndiyo, nilitoka mpaka uani. Nikamwona ameketi, uso una jasho, nikasema kwa sauti ya mtu mwenye diploma: "Tansio imeshuka." Nikaingia kukoroga chumvi.

Aliponiona na kikombe alikisukuma kwa mkono mmoja. "Acha," akasema. Maneno yake yalikuwa yameanza kulala upande. "Acha."

"Kunywa tu, yaya. Nguvu itarudi."

Akanywa. Hilo ndilo lililonikaa miaka yote. Alikunywa kwa sababu aliiamini ile diploma kuliko mimi mwenyewe. Ndiye aliyekuwa akiipangusa vumbi kila Jumamosi. Alikunywa kikombe cha chumvi, sehemu nyingine ikamwagika kwenye kona ya mdomo, kisha nikamletea kahawa nikamshika kichwa akanywa na hiyo. Halafu, ili damu ipate kupanda vizuri, nilijaribu kumsimamisha na kumtembeza. Mguu wa kulia haukutaka kwenda. Niliulaumu mguu.

Jirani alitokea kwenye tundu la kuku wake. Alimtazama yaya, akanitazama mimi, akakitazama kikombe.

"Mudomo yake imeenda wapi?"

Ndipo nikauona mdomo. Ulikuwa umevutwa upande, kama nguo iliyoshikwa na msumari.

"Ni tansio," nikasema. "Njaa."

"Weye hauna macho? Muntu ya njaa anaangukaka muzima. Huyu ameanguka nusu! Mulaze chini! Enda tafuta pusupusu!"

Nikaenda mbio kutafuta mkokoteni. Watu waliokuwa wakikaa vibarazani walisimama, si kwa sababu ya habari ya yaya, ambayo hawakuwa nayo, bali kwa sababu waliniona mimi barabarani. Nilimkuta bwana mmoja aliyekuwa akibeba makala, akashusha magunia bila kuuliza mengi. Tuliporudi, yaya alikuwa amelazwa kwa ubavu juu ya mkeka. Jirani alikuwa amevua kitenge chake cha juu na alikuwa anampangusa uso na kifua.

"Ametapika," akaniambia. "Mara mbili, mingi."

Akakikunja kile kitenge na kukitupa ng'ambo ya ua, upande wake. Mimi niliichukua kama dalili nyingine mbaya. Sikuuliza kilichotoka kilikuwa nini. Kwa nini niulize? Nilikuwa mtu wa hesabu za bohari, kinachoingia na kinachotoka, na siku ile sikufanya hesabu hata moja.

Tulimweka yaya kwenye mkokoteni juu ya godoro lake. Bwana wa makala alisukuma, mimi nilishika upande, jirani alitembea karibu na kichwa akikifanyia kivuli kwa khanga. Maua ya zambarau ya jakaranda yalikuwa yameijaza barabara na magurudumu yakapita juu yake bila kelele. Siku zile, mkokoteni wenye godoro ulikuwa na maana moja tu, na watu wawili watatu walituuliza kwa heshima, "Munahama?" Jirani aliwajibu, "Tunaenda ku hopitali." Nilikuwa nayatazama macho ya yaya. Yalikuwa wazi, yananitazama, na kwa mara ya kwanza katika maisha yetu hakuwa na la kuniambia.

Hospitalini tulipokelewa na daktari wa rika langu, mwembamba, koti lake limeshonwa kiwikoni kwa uzi wa rangi nyingine. Ile mashine ya tansio aliivaa shingoni kama mkufu, kwa sababu wodi nzima ilikuwa na hiyo moja. Akamfunga yaya mkononi, akapuliza, akasikiliza, akapuliza tena kama asiyeamini.

"Makumi mbili na tatu juu ya kumi na tatu," akasema.

"Imeshuka sana?" nikauliza.

Alinitazama kwa upole ambao ningependa kusahau. "Imepanda, baba. Imepanda mpaka pale inaweza kupandia."

Hapo ndipo nami nilipoketi chini ghafla. Kama kungekuwa na mtu mwenye chumvi karibu, angeninywesha.

Daktari akaanza kuuliza. Ilianza polepole au mara moja? Mara moja, nikasema. Kichwa kiliuma? Kiliuma. Ametapika? "Ametapika mara mbili," jirani akajibu. Daktari akatikisa kichwa. Kisha akauliza, "Leo amekula nini? Amekunywa nini?"

"Chai," nikasema.

Jirani alinigeukia. Nilihisi macho yake upande wa uso kama mtu anavyohisi moto wa mbabula. Na mimi, mtu mzima, karani, nikarudia: "Chai tu."

Sijui mtu anadanganya kwa ajili ya nani wakati kama ule. Yaya hakuweza kunisuta. Daktari hakunijua. Nadhani nilidanganya kwa ajili ya ile diploma.

Akaagiza yaya alazwe, kichwa kiinuliwe kidogo kwa nguo zilizokunjwa, asipewe kitu mdomoni, na pawe kimya. Alimtazama jirani aliposema kimya, maana midomo yake ilikuwa imeshaanza maombi. Kisha akatufundisha kazi. Hakuwa na wauguzi wa kutosha wa kukaa na mgonjwa mmoja, kwa hiyo sisi ndio tungekuwa macho yake. Kila baada ya muda tumwite jina tuone kama anafungua macho. Tumwambie aminye mkono wa kushoto tuone kama anaminya. Sikuwa na saa. Nilipima muda kwa rozari, kila fungu moja likiisha namwita. Jirani, ambaye kanisa lake halikupenda rozari hata kidogo, alizihesabu punje pamoja nami kwa jicho la pembeni, na nilipokosea alinisahihisha.

Fungu la kwanza: alifungua macho nilipomwita, akaminya kwa nguvu, akasema, "Acha." La pili vivyo hivyo. La nne alifungua macho nilipomgusa bega. La sita aliminya kama mtu anayeminya kitu akiwa usingizini. Nikaenda kumwita daktari.

Alikuja, akapima, ishirini na tatu ile ile, ambapo ya mwenye afya haifiki kumi na nne. Akanichukua mpaka barazani. Alinieleza kwa Kiswahili chake cha kwetu chenye Kifaransa ndani, na mimi nitayaandika kama nilivyoyaelewa.

Alisema hawana mashine ya kuona ndani ya kichwa. Ya karibu haikuwa ya kufikika kwa mkokoteni. Anakitazama kichwa kutoka nje, kama mtu anayetazama nyumba iliyofungwa na kukisia nani yumo. Kuna mambo mawili. Ama mshipa umeziba, ama umepasuka. Kama umeziba, tansio ya juu ndiyo inayosukuma damu kidogo ipite pembeni. Akiishusha, anaua sehemu ambayo bado ina matumaini. Kama umepasuka, tansio ile ile ndiyo inayolisha jeraha.

"Mshipa haupasuki ukamaliza," akasema. "Unavuja. Damu inakuwa donge, donge linavuta na kusukuma mishipa midogo ya karibu, nayo inapasuka, inaongeza donge. Saa hizi za kwanza ndizo linakua. Walimu wangu walinifundisha nisiguse tansio ya muntu wa hivi, kwamba ubongo unaihitaji. Kuna wengine wanasema shusha, uzuie lile donge. Hakuna aliyenipa jibu la mwisho."

"Na weye, docta?"

Akageukia mlango wa wodi. "Asubuhi alikuwa anasema. Sasa hasemi. Iko inakua. Nitashusha, lakini polepole, na si mpaka chini. Lakini dawa sina."

Nilifikiri juu ya bomba la nyuma ya nyumba yetu. Lilipasuka mwaka mmoja kabla, na mimi nililifunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli huku maji yakiwa bado yanakuja kwa nguvu. Nilifunga, likapasukia mbele kidogo. Nikafunga na pale, likapasukia mbele. Yaya alisimama mlangoni akicheka mpaka akashika tumbo: "Funga kwanza kule yanatokea, weye musomi!" Alilijua jambo lile zamani. Na asubuhi ile mimi nilikuwa nimefanya nini? Nilikuwa nimefungua zaidi.

Daktari aliandika jina la dawa kwenye kipande cha kasha. Vidonge laini vyenye maji ndani. Unatoboa kwa sindano na kudondosha chini ya ulimi. Nikatoka. Nilitembea mpaka mjini, duka la kwanza hawana, la pili hawana, la tatu wana chupa isiyo na kitu ambayo walinionyesha kama picha ya ndugu aliyesafiri. Mji ambao yaya alikuwa ananiletea kila jioni nilikuwa nauona sasa mwenyewe, na haukufanana na ule wake. Wake ulikuwa umejaa watu. Huu ulikuwa na milango iliyofungwa na jua. Nilijikuta natafuta mtu mmoja tu ambaye ningemtambua kutoka katika hadithi zake, yule wa mashine ya kusaga, yule mwenye mguu mfupi. Sikumjua hata mmoja, wala hakuna aliyenijua.

Duka la mwisho, karibu na soko, mwenyewe alikuwa na vidonge sita ndani ya karatasi. Alinitazama kuanzia juu mpaka chini, macho yakaishia miguuni. Nilikuwa nimevaa viatu vyangu vya Jumapili, vyeusi; asubuhi nilivivaa bila kufikiri kwa sababu ndivyo pekee nilivyokuwa navyo vya kutokea. Vilikuwa na miaka minane na vilifanana na vipya. Vilikuwa vinajua njia moja tu, ya kwenda misa na kurudi.

"Ni namba ngapi?" akauliza.

Nikavivua.

Nilirudi hospitalini peku. Lami ya mwezi wa kumi mchana haina huruma, kwa hiyo nilikimbia, nikiruka kutoka kivuli hadi kivuli. Najua nilivyoonekana. Yaya angepata cha kusimulia kwa wiki mbili.

Nilimkuta jirani ameketi kitandani, mkono wa yaya mkononi mwake. Kwa kuwa rozari ilikuwa imekwenda nami mfukoni, alipima muda kwa nyimbo zake, beti tatu, kisha anaita. Aliimba kwa sauti ya chini sana, na nilivyomjua, hiyo ilikuwa sadaka kubwa.

"Anaminya kidogo," akasema. "Macho, mpaka nimuite mara tatu." Kisha akaitazama miguu yangu, akarudi kuimba.

Daktari alitoboa kidonge cha kwanza. Hakudondosha chote, alisema tansio ikianguka kwa kishindo nayo inaua, ubongo unabaki mkavu. Matone machache, akangoja. Akapima. Ishirini na mbili. Akangoja. Ishirini na moja. Akadondosha tena. Nilisimama nikiitazama sindano ya ile saa ya mashine ikitetemeka wakati hewa inatoka, na sikuwa nawaza kitu kingine duniani. Kumi na tisa. Kila ilipotetemeka niliuliza moyoni, kijiko cha kwanza kimeipandisha kiasi gani? Cha pili je? Na kahawa? Kama nisingemnywesha, ingeanzia wapi? Ningeweza kumwambia daktari pale pale. Alikuwa ameinama karibu yangu mpaka niliona ule uzi wa kiwikoni. Nikamshikia tu karatasi ya vidonge.

Jua lilipoanza kuingia kwa dirisha la upande wa magharibi, ilikuwa kumi na sita. "Hapa tusimame," daktari akasema. "Tusiguse tena. Sasa tuangalie kama ataacha kushuka yeye mwenyewe."

Nikaanza rozari upya. Fungu moja: alifungua macho alipoguswa. Fungu lingine: vile vile. La tatu: vile vile. Kwa saa nyingi nilikuwa nimeshamzoea kuwa mbaya zaidi kila fungu, na sasa hakuwa mbaya zaidi, na sikujua nifanye nini na furaha ndogo namna ile. La tano nilimwambia aminye. Akaminya, kwa nguvu. Akafungua macho, akaniona, akasema neno lililoeleweka na kila mtu wodini.

"Acha."

Alirudi nyumbani baada ya majuma matano, na hilo ndilo neno alilorudi nalo. Lile donge lilikuwa limekaa juu ya mahali pa maneno, daktari alisema, na juu ya mkono wa kulia. Vingine liliviacha. Akitaka maji alisema acha. Akitaka kulala, acha. Nikichana nywele zake vibaya, acha, na hapo angalau lilikuwa na maana yake. Lakini Jumapili, jirani akipita na nyimbo zake uani, yaya aliimba. Aliimba wimbo mzima wa utotoni mwetu, maneno yote yamenyooka, mwanzo mpaka mwisho, na wimbo ukiisha alinitazama akitaka kusema kitu, na kikatoka: "Acha." Tulicheka wote wawili. Kisha mimi nilienda nyuma ya nyumba.

Nilimhudumia miaka mitatu. Nilijifunza kukaanga maandazi. Yalikuwa mabaya, yaliuzika kwa sababu watu walimkumbuka yeye. Nilikaa na beseni mlangoni petu, si barabarani. Nilijitengenezea kandambili za tairi na nikawaambia watu sitoki kwa sababu sina viatu, na watu walilikubali kwa kuwa lilionekana kwa macho. Chumvi niliificha ndani ya kasha juu ya kabati. Tulikula bila chumvi, daktari alitaka hivyo, lakini mimi nilikula bila chumvi hata nilipokula peke yangu.

Jioni ndiyo ilikuwa ngumu. Saa ile aliyokuwa akitua beseni ilifika, na nyumba ikawa inangoja swali. Siku moja nilimwuliza mimi. Nikasema, "Yaya, leo nilifika mpaka wapi?" Alifikiri sana. Mdomo ulijaribu. Kisha akainua mkono wa kushoto, ule mzima, akanyoosha kidole kuelekea mlangoni.

Mara ya pili mshipa ulipasuka akiwa usingizini, na safari hii hakuna aliyepata nafasi ya kufanya ujinga.

Siku ya tatu ya kilio, watu walipotawanyika na viti vya kuazima kurudishwa parokiani, jirani alibaki uani kwangu akisugua sufuria kwa mchanga. Nilikaa kwenye kizingiti. Upande wa kulia hapakuwa na mtu mpaka mwisho wa barabara, na sasa nyuma yangu pia hapakuwa na mtu. Nilijua kwamba nisiposema siku ile nitabaki nalo ndani ya nyumba ile, sisi wawili, mimi na kikombe.

"Mama," nikasema, "kuna neno. Asubuhi ile, si chai. Nilimnywesha chumvi. Vijiko vitatu, na kahawa juu yake. Nikamdanganya daktari mbele yako. Kama lile donge lilikua, mimi ndiye niliyelilisha."

Hakuacha kusugua. Aliigeuza sufuria, akaitazama sehemu ya chini, akaongeza mchanga. Kisha akasema:

"Weye nawe! Ile maji yako yote alitapika mu kitenge yangu, na kahawa pia, ni miye nilifua, na docta nilimuambia ile ile siku, mbele hata haujarudi na dawa. Miaka tatu unajifungia juu ya kitu hata haikukaa mu tumbo! Hata kuua muntu, weye hauwezi. Nunua viatu, utoke."